Wimbo wa mapenzi Unguja na Pemba: kuutunga, kuurikodi na kuufikisha kwa wasikilizaji

Visiwani, mtu huutumia wimbo wa mapenzi kama anavyoitumia kanga: kumfikishia mwenziwe neno ambalo mdomo umeona haya kulisema. Mwanamke huinuka kitini, noti mkononi, akacheza taratibu mpaka kwa mwimbaji na kumtunza, yaani kumpa noti hiyo, pale pale mstari wake unapotamkwa. Aliyekusudiwa, awe mume, muhibu au mke mwenza, anajua kwamba ameambiwa yeye. Wimbo ukiwa na mtu wa kuutumia namna hiyo, hufika wenyewe Makunduchi na Micheweni. Usipokuwa naye, hata ungepigwa redioni kutwa mara tatu, husahaulika kabla ya mwezi kwisha.

Jambo hili lina historia. Taarab ya ikulu iliimbwa Kiarabu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliimba Kiswahili, na santuri alizorikodi Bombay kuanzia mwaka 1928 zilisikika mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja, mashamba na mwambao mzima, kwa sababu watu waliyakuta humo maneno ya kuambiana. Hatua zote zilizomo humu zinalenga shabaha hiyo moja, iwe unaimba taarab asilia, taarab ya kisasa au zenji fleva, muziki wa vijana wa Zanzibar.

Hatua ya 1: Jua nani atauimba kwa nani

Kabla ya kuandika ubeti, andika sentensi moja: "Wimbo huu ni wa fulani kumwambia fulani jambo fulani." Mathalani: mke anamwambia mume aliye safarini Arabuni kwamba bado yuko pale pale. Au aliyeachwa anamwambia aliyemwacha kwamba amepata wa kumtuliza. Au bibi harusi, kwa sauti ya mashoga zake, anawaambia waliosema hataolewa kwamba leo ndiyo leo.

Sentensi ikikushinda, au ikikutoka kwa maneno kama "unahusu mapenzi kwa ujumla", simama hapo. Wimbo wa mapenzi kwa ujumla hauna mtu wa kuinuka kuutunza. Hili ndilo kosa linalowaangusha vijana wengi wenye sauti nzuri: wanaimba uzuri wa msichana, macho yake, nywele zake, mwendo wake, lakini ndani ya wimbo hamna neno ambalo msikilizaji anaweza kulichukua akalifanya lake.

Hatua ya 2: Tunga shairi, na uhesabu

Mashairi ya taarab huwa na beti tatu au nne, na kila ubeti mistari mitatu au minne. Mizani, yaani silabi, ya kawaida ni 12 au 16 kwa mstari. Anza na 16, yaani vipande viwili vya mizani minane minane, maana lahani (tuni) nyingi za visiwani huupokea mgawanyo huo bila taabu. Vina vya kati vifanane ubeti mzima, na vya mwisho vivyo hivyo. Tazama ubeti huu:

Jahazi lako la mbali, kwangu limetia nanga,
Sichoki hali na mali, kulipamba na kuchunga,
Pepo zije kali kali, kamba zetu nimefunga.

Kina cha kati ni -li, cha mwisho -nga. Hesabu kwa vidole: Ja-ha-zi-la-ko-la-mba-li, minane. Sasa mtu akiandika "Jahazi lako kutoka mbali, sasa limekwisha tia nanga", maana ni ile ile, lakini mstari una mizani 20. Mwimbaji atalazimika kukimbiza maneno, mkazo utaangukia silabi isiyo yake, na msikilizaji atasikia "kutokambali". Angalia pia silabi za M na N: "mpenzi" ni mizani mitatu (m-pe-nzi), lakini "mbali" ni miwili. Wengi hukosea hapo, kisha humlaumu mpiga ngoma.

Kisha kiitikio. Hiki ndicho kitakachobebwa mdomoni, kwa hiyo kipe muda kuliko beti zote:

Bandari yako ni mimi, tua tanga usihofu.

Kipimo cha kiitikio ni kanga. Jina la kanga huwa sentensi moja fupi kwa herufi kubwa. Andika kipande chako cha kwanza hivyo: BANDARI YAKO NI MIMI. Je, mwanamke angeinunua kanga hiyo akajifunga mbele ya mumewe? Angempelekea shoga yake? Kama jawabu ni ndiyo, kiitikio kimekaa. Kama sentensi inahitaji maelezo, au inazidi pumzi moja, irudie.

Kuhusu mafumbo: chagua picha moja na ubaki nayo wimbo mzima. Jahazi, nanga, pepo, kamba na bandari ni ukoo mmoja. Ukianza na jahazi, ubeti wa pili ukaleta waridi na wa tatu ukaleta simba, msikilizaji atashindwa kulishika fumbo, na fumbo lisiloshikika halitumiki. Picha itoke katika maisha ya hapa, na uijue kweli: mtu wa Nungwi akisikia umechanganya tanga na ngalawa kwa namna isiyowezekana baharini, atacheka badala ya kuguswa. Maneno kama nyonda, muhibu, laazizi na mahabubu bado yana nguvu, lakini moja au mawili kwa ubeti yanatosha.

Usimtaje mtu kwa jina, wala usitoe alama zake, kama nyumba yake, kazi yake au mtaa wake. Fumbo hupendwa kwa kuwa kila mmoja anaweza kulivaa. Ukimtaja mtu umewanyang'anya wengine wote wimbo, na umejitafutia ugomvi. Matusi ya wazi vilevile hufunga milango ya redio, na mama wa bibi harusi hatayakubali ukumbini mwake.

Hatua ya 3: Lahani, maqamu na mapigo

Katika taarab, mtunzi wa shairi, mtia lahani na mwimbaji mara nyingi ni watu watatu. Hili ni jambo jema, usilikimbie. Mpe mtia lahani shairi lililokamilika, umsomee kwa sauti ya kawaida, naye asikilize wapi sauti yako yenyewe inapanda na kushuka.

Ukichagua maqamu, yaani ngazi ya sauti ya Kiarabu kama Rasti au Bayati, tazama ala ulizonazo. Udi, kanuni, fidla na nai zinaweza kutoa sauti za robo, zile zilizo katikati ya noti mbili za kinanda, na kwa hiyo hupiga Rasti na Bayati kama zinavyotakiwa. Kinanda cha kawaida na gitaa havina sauti hizo. Kwa kinanda pekee, Nahawandi na Hijazi zitakaa vizuri. Ukitaka Rasti kuanzia Do, kinanda chako lazima kiwe na sehemu ya kurekebisha kila noti kwa senti (senti 100 ni nusu toni), kisha ushushe Mi na Si kwa senti 50. Bayati kuanzia Re nayo huhitaji Mi iliyoshushwa senti 50. Mtu akipiga Bayati bila kushusha, mwimbaji hukaa katikati ya noti mbili na kinanda kando yake, na watu wazima waliokulia taarab hukunja uso hata kama hawajui sababu. Asiyekuwa na mwalimu anaweza kujifunza maqamu na ala katika chuo cha muziki cha DCMA, mjini Unguja, au kwa wazee wa Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club ya mwaka 1958.

Mapigo yafuate ujumbe. Wimbo wa kubembeleza hukaa vizuri katika bolero ya taratibu, mapigo 85 hadi 100 kwa dakika. Wimbo wa kuringa unataka chakacha, mapigo ya ngoma ya wanawake. Pima ufunguo wa sauti namna hii: mwimbaji aimbe kiitikio mara kumi mfululizo, usiku, akiwa amechoka. Kama noti ya juu inamkwaruza mara ya nane, shusha ufunguo mzima kwa noti moja. Ukumbini ataimba akiwa amechoka zaidi ya hapo.

Halafu jambo ambalo maprodyuza wengi hawalijui kwa kuwa hawaendi harusini: acha nafasi ya kutunza. Baada ya kiitikio, ala zijibu peke yake kwa baa 8 (vipimo vinane vya mapigo), na kiitikio kirudiwe mara mbili au nne. Mwanamke aliyeguswa na mstari anahitaji muda wa kuinuka, kufungua pochi na kutembea akicheza mpaka mbele. Ukimkimbilia ubeti unaofuata, atafika mbele mstari wake umeshapita, na ujumbe wake umeanguka njiani.

Hatua ya 4: Makaratasi, kabla ya studio

Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja: nani katunga shairi, nani katia lahani, nani kaimba, nani kapiga, na kila mmoja ana asilimia ngapi. Watie saini wote, kila mmoja abaki na nakala. Fanyeni hivyo kabla ya kurikodi, wimbo ukiwa bado hauna thamani, kwani ukishapendwa kila mtu hukumbuka mchango wake kuwa mkubwa.

Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki, ya mwaka 2003, na ofisi yake, COSOZA. Usajili wa COSOTA, Tanzania Bara, ni jambo jingine. Peleka shairi lililochapwa, nakala ya wimbo na makubaliano yenu. Usajili wa wasanii na vibali vya maonyesho viko kwa Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, yaani BASSFU. Ada uliza ofisini kwenyewe, udai stakabadhi.

Hatua ya 5: Studio, na matoleo manne

Nenda studio wimbo ukiwa umefanyiwa mazoezi mpaka waitikiaji hawashiki karatasi. Mwimbaji akae sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maikrofoni, na kizuizi cha pumzi mbele yake, la sivyo kila P na B italipuka. Rikodini kwa biti 24, na sauti ya juu kabisa isipite desibeli 6 chini ya kikomo.

Katika kuchanganya sauti, maneno yawe mbele ya kila kitu. Mwangwi mwingi huifanya sauti kuwa tamu lakini huyala maneno. Jaribio ni hili: mpe mtu ambaye hajausikia wimbo, aucheze kwa spika ya simu ndani ya daladala inayokwenda, kisha akuandikie kiitikio. Asipokipata, rudi studio.

Ondoka na mafaili manne. La kwanza ni toleo refu la harusi, dakika 7 hadi 10, lenye nafasi za kutunza. La pili ni la redio, dakika 3 na nusu hadi 4: ondoa marudio, bakisha beti mbili, na kiitikio kisikike kabla ya dakika ya kwanza kwisha. La tatu ni ala na waitikiaji bila sauti ya mwimbaji, kwa maonyesho yasiyo na bendi. La nne ni kipande cha sekunde 30 chenye kiitikio tu, kwa ajili ya simu. Mafaili mazito ya WAV uyahifadhi mahali pawili, na nakala za kugawa ziwe MP3 za kbps 320.

Hatua ya 6: Harusi kwanza

Wengi huanza na redio au mtandao. Anza ukumbini. Wanawake wa harusini ndio wanaoamua visiwani wimbo gani ni wa mwaka huu, na redio hufuata wanachoomba.

Njia ya kwanza ni dijei wa rusha roho, yaani taarab ya kisasa. Mpe flashi yenye toleo refu, jina la faili liwe jina la wimbo, la mwimbaji na dakika, si "Track 01". Mwombe aupige baada ya bibi harusi kuingia na kukaa. Wakati wa chakula hainuki mtu, na mwanzoni wageni wangali wanasalimiana.

Njia ya pili ni kikundi cha taarab: waombe wauingize katika orodha yao, uwape shairi lililochapwa na faili la ala.

Njia ya tatu ni kidumbak, kikundi kidogo cha ngoma za harusi kinachofanana na taarab, na hii wengi huidharau. Kidumbak kwa sanduku lake (besi ya kamba moja), fidla, vidumbak viwili (ngoma ndogo), cherewa (kayamba) na mkwasa (vijiti vya kugonganisha) huunganisha nyimbo mfululizo na kuziharakisha. Wakikidaka kiitikio chako na kukiimba mashamba, hutalipwa siku hiyo. Waache. Wamekufikisha mahali ambapo intaneti ni hafifu na redio husikilizwa nusu nusu.

Nenda wewe mwenyewe, au kama ni harusi ya wanawake tupu na wewe ni mwanamume, mtume dada yako au shangazi, ukaangalie katika harusi tatu. Atazame nani anainuka, wa umri gani, na katika mstari upi.

Pasipoinuka mtu kabisa, ama kiitikio hakisikiki ama hakina mtu wa kuambiwa: rudi hatua ya 1. Wakiinuka kucheza lakini hawatunzi, mapigo yamewapata na maneno hayajawapata. Wakiinuka wakarudi njiani, nafasi ya ala ni fupi. Wakitunza katika ubeti wa tatu badala ya kiitikio, umepata bahati: mstari huo ndio kiitikio chako halisi. Utoe huko chini, uuweke mahali pake, urikodi upya. Gharama ya siku moja ya studio ni ndogo kuliko kuubeba wimbo uliokaa kichwa chini.

Onyo moja zito. Usirikodi video katika harusi ya wanawake bila ruhusa ya wenyewe. Wako humo bila mabuibui, wamepambwa kwa ajili ya kila mmoja wao. Kipande kimoja kikivuja mtandaoni kinaweza kuvunja nyumba ya mtu, na jina lako halitapokelewa tena katika ukumbi wowote mjini. Kwa video ya wimbo, tafuta waigizaji waliokubali kwa maandishi.

Hatua ya 7: Redio na simu

Redioni peleka toleo fupi pamoja na karatasi moja: jina la wimbo, mtunzi, mtia lahani, mwimbaji, dakika, namba ya simu, na sentensi uliyoandika hatua ya 1. Sentensi hiyo ndiyo itakayompa mtangazaji la kusema. ZBC, shirika la utangazaji la Zanzibar, iliyotokana na Sauti ya Unguja ya mwaka 1951, ina vipindi vya taarab na vya zenji fleva vyenye watayarishaji tofauti, kwa hiyo uliza kwanza yupi ni wa muziki wako. Lenga vipindi vya salamu na vya kuchagua wimbo, maana humo mtu anamtumia mwenziwe wimbo kwa jina.

WhatsApp ina mtego mmoja: faili la sauti likitumwa kama sauti, simu nyingi hulibadilisha jina likawa AUD na mfululizo wa namba. Wimbo unafika watu elfu, hakuna anayejua ni wa nani. Litume kama dokumenti ili jina libaki, na prodyuza ajaze jina la mwimbaji na picha ndani ya faili lenyewe. Kile kipande cha sekunde 30 kiwe na maneno ya kiitikio yameandikwa juu ya picha, kwa herufi kubwa kama jina la kanga, maana wengi hutazama hali (status) za wenzao bila sauti.

Kwa Boomplay na Spotify, majukwaa ya kusikilizia muziki mtandaoni, utapitia kampuni ya usambazaji. Peleka wiki nne kabla, na picha ya mraba ya pikseli 3000 kwa 3000. YouTube huanza kulipa matangazo ukishafikisha wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, kwa hiyo usipange kurudisha gharama za studio kwa njia hiyo mwaka wa kwanza. Kama biti (ala zilizotengenezwa tayari) umeinunua mtandaoni na wengine pia wameuziwa, mfumo wa YouTube unaweza kumpa mwingine mapato yako. Piga ala zako mwenyewe.

Ukitaka jukwaa la Sauti za Busara, tamasha la Februari lililoanza mwaka 2004 Ngome Kongwe mjini Unguja, jua kwamba wanataka muziki wa moja kwa moja. Wimbo uliozoea faili la ala hautafika hapo bila bendi.

Hatua ya 8: Kalenda, na safari ya Pemba

Hesabu kwa mwezi mwandamo. Ramadhani nyimbo za mapenzi hunyamaza, kumbini na redioni, na mwezi huo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Wimbo uliotolewa wiki mbili kabla ya mfungo hufa ukiwa mchanga. Tumia Ramadhani kwa kuchanganya sauti na makaratasi, utoe Idd el Fitri, na usukume Mfunguo Mosi mpaka Mfunguo Tatu, yaani miezi mitatu inayofuata Ramadhani, harusi zikiwa nyingi. Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani, pia ina harusi nyingi, lakini ni kwa wimbo ambao umeshazoeleka.

Pemba usiipeleke salamu tu, nenda. Panda boti mpaka Mkoani ukiwa na flashi kumi, uanzie madijei wa Chake Chake, kisha Wete, kisha redio jamii ya Micheweni. Sikukuu za Idd, viwanja vya Tibirinzi, Chake Chake, hujaa. Karafuu zikizaa vizuri, baada ya mavuno pesa huwa mikononi na harusi huongezeka, kwa hiyo uliza hali ya mikarafuu kabla ya kukata tiketi. Chukua na mwimbaji, si faili peke yake: harusi ya Pemba ikimpata mwimbaji mwenyewe, kutunza huendelea mpaka usiku mkubwa. Kubalianeni mapema na mwenye harusi juu ya nauli, malazi na chakula cha kundi zima, na nani anashika pesa za kutunza. Desturi nzuri ni kuzihesabu mbele ya wote usiku ule ule, kabla ya mtu kupanda gari.